Kuvalisha nyumba ya mbao upya: bashe, gudroni, ao hewa tu?



Kila mwaka mwezi wa sita ukifika, kwetu Goma nyundo zinasikika kila avenyu. Kiangazi kimeingia, mvua imepumzika, na kijana aliyepata mshahara wa kwanza anataka kufanyia wazazi kitu kinachoonekana. Kama nyumba ya wazazi ni ya mbao, kitu hicho njo hiki: kuivalisha upya. Mbao za zamani zinaachwa mahali pake, mbao mpya zinapigiliwa juu yake, kiisha rangi, kiisha picha ya kutumia ndugu walio mbali. Na katikati ya mbao za zamani na mbao mpya karibu kila mtu anaweka bashe, juu ya kuzuia maji. Mimi pia niliweka.

Leo nataka tuzungumze juu ya kile kitu cha katikati. Bei yake si kubwa, na kikishafunikwa hakuna anayekikumbuka tena. Lakini njo kinaamua kama nyumba itasimama miaka ishirini ingine ao kama itaanza kuoza ndani ya miaka miwili. Nilijifunza hilo kwa pesa yangu na kwa nyumba ya mama yangu. Ninyi mujifunze kwa kusoma tu.

NILIVYOKOSEA

Baba alijenga nyumba yetu kiisha volkano ya tarehe 17 Januari 2002, wakati Nyiragongo ilishusha lava hadi katikati ya mji na kuiingiza ziwani. Watu waliorudi walikuta mawe meusi mahali palipokuwa parseli zao. Kuchimba msingi mu mawe yale haikuwa kazi rahisi, na pesa haikuwepo. Mbao njo zilikuwa jibu: nguzo zikasimamishwa juu ya mawe, mbao za mikaliptusi zikapigiliwa kwa kulala, manjanja juu. Mbao zenyewe zilikuwa mbichi. Zilipokauka zikajikunja, zikaacha nafasi ambamo kidole kinapita. Mama alikuwa anaziba kwa kartoni na vitambaa, na kila usiku wa mvua tulilaumu upepo.

Kumbe upepo ule njo ulikuwa unaikausha nyumba. Ililoana mara nyingi, lakini ilikauka mara nyingi vilevile. Kwa hiyo kiisha miaka ishirini mbao zilikuwa kijivu, zimepasuka hapa na pale, lakini hazikuwa zimeoza.

Nilipomaliza lisansi ya agronomia na kupata kazi, nikamwita fundi mmoja, mzee wa umri wa baba yangu. Akasema: «Tuweke bashe, mayi haitapita.» Nami, mwenye diploma, nikaongeza yangu: «Papa fundi, tuweke ile nene, isiyokuwa na tundu, tuizungushe nyumba yote hadi chini kabisa.» Tukafanya vile. Bashe ikavutwa vizuri juu ya mbao za zamani, mbao mpya zikapigiliwa moja kwa moja juu ya bashe, chini tukafunga kwa simenti kidogo ili panya wasipande. Nyumba ikapendeza. Upepo ukaisha. Mama alinibariki.

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Kwanza ilikuja harufu, ile ya gunia la mahindi lililosahauliwa. Kiisha madoa meusi nyuma ya kitanda. Kiisha mama akafungua valizi yake na kukuta vikwembe vyake vya harusi vimeshika ukungu. Mtoto wa dada yangu, mwenye pumu, akaanza kuamka usiku. OMS ilitoa mwongozo mzima mwaka 2009 juu ya unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na inaeleza wazi kama vitu hivyo vinaendana na pumu na magonjwa ya kupumua. Haikuwa tena habari ya uzuri wa nyumba.

Fundi alikuja akasema bila kusita: mvua imepata njia, bashe imetoboka. Tukabandua mbao tatu upande wa jikoni. Bashe ilikuwa nzima. Haikuwa na tundu hata moja zaidi ya yale ya misumari. Lakini upande wake wa ndani, ule unaoangalia mbao za zamani, ulikuwa umejaa matone, kama kifuniko cha sufuria. Na ukuta huo njo uko chini ya baraza. Mvua haiupigi kamwe.

Hapo nikaelewa. Maji yale hayakutoka mbinguni. Yalitoka kwetu.

MAJI YANATOKA WAPI?

Mtu aliyelala anatoa mvuke, kwa pumzi na kwa ngozi, karibu gramu 40 kwa saa. Kwetu tunalala watu sita. Kwa saa nane hiyo ni karibu lita mbili za maji ambazo hakuna aliyezimwaga. Ongeza sufuria ya maharagi inayochemka kwenye mbabula tangu mchana, ongeza nguo zinazoanikwa ndani wakati wa mvua. Mvuke huo wote lazima uende mahali fulani.

Sasa, hewa ya moto inabeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Kwa digrii 21, mita moja ya kibe ya hewa inaweza kubeba karibu gramu 18 za mvuke. Kwa digrii 15 inaweza kubeba karibu 13 tu. Usiku wa Goma unashuka kwenye digrii 15 bila shida. Basi hewa ya chumba, yenye digrii 21 na gramu 16 za mvuke, inapita mu nafasi za mbao za zamani, inagusa bashe yenye baridi ya inje, na gramu 3 zinakosa mahali pa kukaa. Zinageuka matone. Hiyo ni mita moja ya hewa, na hewa inazunguka usiku mzima, kila usiku. Zamani mvuke ulikuwa unapita mu nafasi za mbao na kwenda zake. Mimi njo niliufungia mlango.

Kosa la pili lilikuwa upande wa inje. Mbao mpya zilikuwa zimebana juu ya bashe bila nafasi. Mvua ya upepo inaingia kila mara kati ya ubao na ubao, hata fundi awe nani. Maji yakiingia kati ya ubao na plastiki hayashuki. Yanashikwa pale kama kati ya vioo viwili vilivyoloana. Jua linakausha uso wa ubao, mgongo unabaki umeloana. Tulipogeuza mbao mpya, rangi ilikuwa nzuri mbele, nyuma kulikuwa kweusi na laini. Na ile simenti ya chini, niliyoweka juu ya panya, ilikuwa imegeuka kikombe: maji yote yaliyoshuka yalibaki yakinywesha miguu ya nguzo.

Wandugu, tusijione wajinga peke yetu. Vancouver, mji wa Canada wenye mvua nyingi, ulipatwa na msiba wa namna hiyo. Majengo ya gorofa yaliyojengwa miaka ya 1980 na 1990, yakiwa na kuta zilizofungwa vizuri, yalianza kuoza kutoka ndani, na wenye nyumba wakaingia mu madeni makubwa. Mwaka 1998 iliundwa tume iliyoongozwa na Dave Barrett, aliyekuwa zamani waziri mkuu wa jimbo la British Columbia, ili kuchunguza. Mafundi wa huko walijifunza kuangalia ukuta kwa mambo manne: kuukinga mvua isiufikie, kushusha ile inayoingia, kukausha ile inayobaki, na kutumia vitu vinavyovumilia. Angalieni vizuri: katika manne hayo, moja tu njo ni kuzuia. Mengine matatu yanakubali kama maji yataingia.

MBAO NI KAMA MAHINDI

Wale wa agronomia, hii muliisoma tayari. Unaweka mahindi mu mfuko usiopitisha hewa wakati gani? Yakishakauka, karibu asilimia 13. Ukifunga mahindi yenye asilimia 20 mu mfuko ule, umejitayarishia ukungu. Mfuko hauna kosa. Unalinda hali iliyopo. Ukifunga ukavu unalinda ukavu, ukifunga unyevu unalinda unyevu.

Mbao nazo zina kipimo chao. Chini ya asilimia 20 kuvu wanaoozesha hawapati maji ya kutosha. Ukifika karibu 28 ao 30 na kukaa hapo, wanakula. Lakini mu hesabu kuna mtego, nami niliuingia. Unyevu wa mbegu tunauhesabu juu ya uzito wa mbegu ikiwa bado na maji yake. Unyevu wa mbao unahesabiwa juu ya uzito wa ubao mkavu. Chukua kipande cha gramu 120. Kikikauka kabisa kinabaki gramu 96. Maji ni gramu 24. Kwa hesabu ya mahindi: 24 kwa 120, asilimia 20. Kwa hesabu ya mbao: 24 kwa 96, asilimia 25. Kipande ni kile kile. Mimi nilitumia ile ya mahindi, nikajiambia «tuko mpakani, si mbaya», nikafunika mbao ambazo zilikuwa zimeshapita mpaka.

Kama unataka kupima, kata kipande kidogo chini ya ukuta, mahali panapoloana zaidi. Pima uzito siku hiyohiyo. Kaushe mu tanuri ya maabara kwa digrii 103, pima tena na tena hadi uzito usibadilike. Wanafunzi, tanuri hiyo iko kwenye fakilte zenu. Omba ruhusa, ni kazi ya siku moja ao mbili.

TUCHAGUE NINI SASA?

Mafundi wa nchi baridi wana kipimo cha kujua kitu kinapitisha mvuke kiasi gani, wanakiita permu. Chini ya 0.1 mlango umefungwa. Plastiki ya politileni ya unene wa milimita 0.15 ina karibu 0.06. Kartoni ya gudroni, ile nyepesi wanayoiita namba 15 kule Marekani, ina karibu 5 ikiwa kavu, na inapanda zaidi ikiloana: yaani inafunguka wakati unapoihitaji. Vitambaa vya kisasa vilivyotengenezwa juu ya kazi hii, kama Tyvek, vingine vinapita 50, na bado havipitishi matone ya mvua. Kwa namba hizo tuangalie vitu tunavyoviona sokoni.

Bashe ya plastiki, ile tunaita pia shitingi. Inazuia mvua, inazuia mvuke vilevile. Juu ya ukuta wa nyumba ambamo watu wanalala na kupika, usiizungushe. Lakini bashe si adui. Kazi yake ya kweli iko chini: kuitandika juu ya mawe ya lava kabla ya kumwaga simenti ya sakafu, ili unyevu wa udongo usipande. Pale tunataka mlango uliofungwa.

Mifuko iliyofumwa, ya mchele ao ya unga, ikipasuliwa na kushonwa. Watu wengi wanaitumia juu ni ya bule. Ile isiyopakwa kitu inapumua, lakini mvua kali inapenya. Ile yenye ngozi ya plastiki ndani haipumui. Weka mdomo upulize: kama pumzi haipiti, ni bashe tu kwa jina lingine. Jua linaipasua upesi, lakini nyuma ya mbao inavumilia. Kwa ukuta uliokingwa na baraza inaweza kusaidia kuzuia upepo. Kwa ukuta unaopigwa na mvua, hapana.

Mifuko ya karatasi ya simenti. Acha. Karatasi hiyo inakunywa maji na kuyaweka pembeni ya ubao.

Kartoni ya gudroni. Inapatikana mu kinkayeri kubwa. Uliza ile nyepesi inayokunjika, usichukue ile nene ya kuziba terasi wala ile yenye uso wa aliminiyumu, juu hizo mbili zimetengenezwa zisipitishe kitu. Kwangu njo ilikuwa jibu, kwa bei na kwa kazi.

Vitambaa vya kisasa vinavyopumua. Ukivipata kwa bei unayoweza, chukua. Kwetu havionekani kila siku, na rulo moja inaweza kupita bei ya mbao zenyewe. Usiache kujenga vizuri kwa sababu umevikosa.

Na cha mwisho: hewa. Nafasi ya sentimita 2 kati ya mbao za zamani na mbao mpya, inayotengenezwa kwa vibao vyembamba ambavyo mafundi wanaita lati. Maji yakiingia nyuma ya ubao mpya yanashuka mu nafasi ile na kutoka chini. Hewa inapanda na kukausha mgongo wa ubao. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, kati ya kizuizi na lati, nunua lati.

Na kama hujui kitu ulichonacho mkononi ni cha aina gani, fanya hivi kabla ya kununua nyingi. Jaza kikombe maji ya moto hadi nusu. Funika na kipande cha kile kitu, kaza kwa mkono. Juu yake simamisha gilasi kavu, mdomo chini. Ngoja dakika tano. Gilasi ikishika ukungu, kitu kinapitisha mvuke. Ikibaki kavu, ni mlango uliofungwa. Kiisha chukua kipande kingine, kikunje kama bakuli, mimina maji ndani, ngoja nusu saa. Kisidondoshe. Kile kinachofaulu mitihani miwili, kuruhusu mvuke na kuzuia maji, njo kinafaa ukuta.

NAMNA YA KUKIWEKA

Kabla ya kuweka chochote, tafuta maji yanatoka wapi. Manjanja inayovuja, paa fupi linalomwagia ukuta, udongo uliopanda hadi kugusa ubao: hayo hayaponywi na kartoni. Kwetu tulirefusha paa upande wa mvua na kuondoa kifusi hadi ubao wa chini ukabaki sentimita 20 juu ya mawe. Kazi hiyo ilitumia pesa kidogo sana, na nafikiri njo ilisaidia kuliko zote.

Acha mbao za zamani zikauke. Tulibandua bashe mwanzo wa mwezi wa sita na kuacha ukuta wazi wiki sita. Mama hakupenda; majirani waliuliza kama pesa imeisha. Nguzo tatu zilikuwa zimeoza miguu, tukazibadilisha. Mbao zilizoshikwa na kuvu usizifunike kwa kuzionea huruma.

Kartoni inaanza chini na kupanda, ya juu ikilalia ya chini kwa sentimita 10 hadi 15, kama manjanja. Ukigeuza, kila kiungo kitakuwa mdomo wa kunywa mvua. Kwenye dirisha anza chini, kiisha pembeni, kiisha juu, na juu ya fremu weka kipande cha manjanja kilichokunjwa ili maji yaruke mbele.

Juu ya kartoni piga lati za kusimama kama mbao zako zinalala. Kama mbao zako zinasimama, lati za kulala zitafungia maji njia. Piga kwanza za kusimama, kiisha za kulala juu yake. Chini usifunge kwa simenti. Weka wavu mgumu unaozuia panya na kuruhusu maji. Juu pia acha hewa itoke.

Ukuta wa jikoni ufikirie peke yake. Nafasi ya hewa inaweza kuvuta moto kwenda juu kama bomba la moshi, na sisi wa nyumba za mbao tunajua moto unapitaka haraka namna gani. Pale tulipiga manjanja mahali pa mbao, na mbabula ikahamia chini ya baraza. Mvuke wa maharagi nao ukahamia huko.

Juu ya mafuta ya vidanje ambayo watu wanapaka mbao: yanafukuza maji kidogo kwa juu, lakini hayaingii ndani sana, yanawaka, na yanabeba sumu za moteri. Usiyapake ndani, wala mahali ambapo maji ya manjanja yanakusanywa mu bidoni za kunywa. Na misumari nunua ile yenye zinki, juu kwetu kutu haichelewi.

TULIPOFIKA

Upande unaopigwa na mvua tuliweka gudroni na lati. Pande mbili zilizokingwa na baraza tuliweka lati tu, bila kizuizi chochote. Mbao mpya tatu kwa kumi zilitupwa, zingine zilikauka na kurudi ukutani. Bashe yangu nene iko chini ya simenti ya chumba cha mama, na hapo inafanya kazi yake. Nililipa nyumba moja mara mbili, na valizi ya vikwembe haikulipika.

Siku nilipoeleza fundi habari ya mvuke, alicheka: «Agronomu, mbao si maindi!» Nikamletea kikombe, gilasi na kipande cha bashe. Tukangoja dakika tano, gilasi ikabaki kavu. Tukarudia na gudroni, ukungu ukaanza kuonekana pole pole. Akageuza gilasi mara mbili, akanyamaza, kiisha akauliza bei ya rulo. Simlaumu mzee. Miaka yote aliombwa kuzuia mvua tu, na mvua aliizuia. Mimi njo niliyesoma unyevu miaka yote ile, nikauacha mu daftari la mahindi.

Mwezi wa tisa mvua ya kwanza ikapiga. Mama akanipigia simu, sauti ya wasiwasi: «Mwanangu, ukuta wako unavuja tena. Mayi inatoka pale chini, ku wavu.»

Nikamuuliza: «Na ndani, mama?»

«Ndani hakuna.»

«Basi iko sawa. Acha itoke.»